Presha ya Macho na Seli Zinazochunga Mlango wa Maji

Ndugu msomaji, ukiulizwa "presha" ni nini, nina hakika utataja damu. Utamkumbuka jirani aliyeambiwa apunguze chumvi, na ule mpira unaofungwa mkononi na kujazwa hewa. Presha ninayotaka kuieleza hapa ni nyingine kabisa. Ni presha ya jicho. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu ya kawaida na ya jicho ikawa juu, na kinyume chake pia ni kweli. Tena hii ya jicho aghalabu haiumi, haiwashi, wala haifanyi jicho kuwa jekundu. Inakula neva polepole kutoka pembeni, na siku mwenyewe atakapogundua, sehemu ya kuona kwake imekwisha kwenda. Iliyokwenda hairudi. Ugonjwa huo ndio glakoma.

Nimeichagua mada hii kwa sababu ni ugonjwa wa kwetu. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, uliukuta kwa zaidi ya watu 4 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Hebu hesabu wazazi waliokuja siku ya wazazi mwaka huu, kisha ufanye hesabu mwenyewe. Sababu ya pili ni wale wenzetu wanaodai ati Kiswahili ni cha mashairi na ngonjera tu, mambo ya seli hakiyawezi. Hao nawaomba wasome mpaka mwisho.

Maji yasiyo machozi

Nyanya yangu alipopimwa katika kliniki moja, daktari alimwambia, "Nyanya, maji ya macho yako hayatoki vizuri." Nyanya akamjibu, "Hayatoki vipi, mwanangu, na mimi kila jioni nafuta machozi jikoni kwa sababu ya moshi?" Daktari akacheka, lakini swali lilikuwa zuri, na hata wanafunzi wa bayolojia hulikosea.

Machozi hutoka kwenye tezi zilizo nje ya jicho, yakaosha uso wa jicho na kuteremka puani. Ndiyo maana ukilia kamasi huja. Maji ninayoyasema mimi yako ndani. Yanajaza nafasi iliyo kati ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, na lenzi. Konea na lenzi hazina mishipa ya damu hata mmoja, kwa sababu damu ingezuia mwanga. Sasa zitakula nini? Zitapumua vipi? Hapo ndipo maji haya yanapoingia. Yanaleta sukari na oksijeni, yanabeba taka, na juu ya hayo yanalishikilia jicho liwe limejaa vizuri kama mpira uliotiwa upepo wa kutosha. Jicho lisilo na presha yoyote lingenywea na picha zote zingepindapinda.

Maji hayo hutengenezwa na kiungo kinachoitwa siliari, kilichojificha nyuma ya irisi, yaani ile duara yenye rangi. Hutengenezwa kiasi cha mikrolita 2 hadi 2.5 kila dakika mchana, na usiku tukilala kiasi hicho hupungua karibu nusu. Ni kidogo sana. Kwa siku nzima ni zaidi kidogo tu ya nusu ya kijiko cha chai. Lakini nafasi yenyewe ni ndogo, inachukua mikrolita 250 hivi, kwa hivyo maji yote hubadilishwa kila baada ya dakika 100 au zaidi kidogo. Tangu gwaride la asubuhi mpaka mapumziko ya saa nne, jicho lako limekwisha kuoga mara moja!

Maji hutoka siliari, yakapita katika mboni, kile kitundu cheusi, yakafika mbele. Kisha huenda pembeni, kwenye kona ambapo irisi hukutana na konea. Konani hapo ndipo penye mlango wa kutokea.

Hesabu ya Goldmann

Fikiria tangi la maji lenye bomba linaloingiza maji bila kukoma, na chini yake kuna tundu la kutolea. Kama bomba linaingiza kwa kasi ile ile na tundu likaziba nusu, utaona maji yakipanda. Jicho ni hivyo hivyo, ila lenyewe limefunikwa pande zote, kwa hivyo badala ya maji kupanda, ni presha inayopanda. Na bomba la siliari halijali sana: hata presha ikipanda, linaendelea kumwaga karibu kiasi kile kile. Kwa hivyo kazi yote ya kurekebisha huangukia upande wa kutolea.

Daktari wa Uswisi, Hans Goldmann, aliyaweka mambo haya katika hesabu fupi ambayo hata sisi tusiopenda hisabati tunaimudu. Presha ya jicho ni sawa na maji yanayoingia, ugawanye kwa wepesi wa kutoka, kisha ujumlishe presha ya mishipa ya damu ambako maji hayo humwagika. Tuseme yanaingia mikrolita 2.4 kwa dakika, wepesi wa kutoka ni 0.3, na presha ya mishipa ni milimita 9 za zebaki. 2.4 gawanya kwa 0.3 ni 8. Jumlisha 9 upate 17. Hilo ni jicho zima, maana kawaida ni kati ya 10 na 21. Sasa punguza wepesi wa kutoka uwe nusu, yaani 0.15. Utapata 16, jumlisha 9, ni 25. Maji yanayoingia hayakuongezeka hata tone. Mlango tu umekuwa mzito.

Kimia

Mlango wenyewe ni nini? Wataalamu huuita trabekula. Mimi nitauita kimia, kwa sababu ukiutazama kwa hadubini unafanana na kimia cha wavuvi kilichokunjwa mara nyingi. Nyuzi zake ni za kolajeni, na kila uzi umevikwa seli nyembamba kama vile waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Kimia kinalizunguka jicho kwenye ile kona. Nyuma yake kuna mfereji mwembamba nao ulio duara, urefu wake ukiunyoosha ni kama milimita 36. Unaitwa mfereji wa Schlemm, kwa heshima ya Friedrich Schlemm, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1830. Kutoka hapo maji hupita katika vijia kama 30 hivi hadi kwenye vishipa vya damu vilivyo katika weupe wa jicho. Maji mengine machache hupenya katikati ya misuli ya siliari bila kupitia kimia, lakini njia kuu ni hii.

Wengine hukieleza kimia kama chujio la chai. Mfano huo siupendi. Chujio la chai limekaa tu, halifanyi lolote, na likiziba unalikung'uta kwenye sinki. Tena matundu ya sehemu ya kwanza ya kimia ni makubwa sana kwa maji, hayazuii kitu. Mwaka 1963, W. Morton Grant wa Boston, Marekani, alieleza majaribio yake kwa macho ya watu waliokwisha kufa. Aliyapitishia maji na kupima ukinzani, kisha akakikata kimia kwa ndani na kupima tena. Karibu robo tatu ya ukinzani ikatoweka! Baadaye ilieleweka kwamba ukinzani mwingi uko mwishoni kabisa mwa safari, katika tabaka jembamba linalopakana na mfereji wa Schlemm, pamoja na ukuta wa mfereji huo. Unene wa sehemu hiyo ni kama mikromita 10 tu. Upana wa unywele wako ni mkubwa kuliko huo mara kadhaa. Kuona kwa mtu miaka yake yote kunategemea kitu chembamba namna hiyo.

Kazi za seli hizi

Basi seli za kimia zinafanya nini? Kwanza zinakula. Ndani ya jicho mna takataka: chembe za rangi zilizobambuka kutoka irisi, vipande vya seli zilizokufa, protini zilizochakaa. Vyote husukumwa na maji kuelekea mlangoni. Seli za kimia huvimeza na kuviyeyusha. Ni wafagiaji na walinzi kwa pamoja. Shida ni kwamba seli hizi hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwa watu wenye glakoma zimeonekana kuwa chache zaidi kuliko kwa wenzao wa umri ule ule.

Pili zinavuta. Ndani ya kila seli mna nyuzi za aktini, protini ile ile inayosaidia misuli kukaza. Seli zikikaza, kimia hukakamaa na maji hupita kwa taabu. Zikilegea, njia hufunguka. Anayezikaza ni kimeng'enya kiitwacho Rho kainesi. Anayezilegeza ni gesi iitwayo nitriki oksaidi, ambayo hutengenezwa na seli za ukuta wa mfereji maji yanapozipita kwa nguvu. Tazama ufundi huo: presha ikipanda, mfereji hubanwa ukawa mwembamba, maji hupita kwa kasi, seli zikasikia msuguano, zikatoa gesi, na jirani zao wakalegea. Hakuna amri iliyotoka kwenye ubongo. Wamepatana wenyewe huko huko konani. Na ukuta wa mfereji nao una namna yake ya ajabu: seli zake huvimba kama mapovu kuelekea ndani ya mfereji, na penye povu huonekana vitundu vidogo ambavyo maji hupitia. Presha ikiongezeka mapovu huongezeka.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonishangaza mimi kuliko zote. Seli hizi zinachimba. Kati yao kuna utando wa protini na sukari ndefu, mzito kama uji, na utando huo ndio unaoleta ukinzani mwingi. Maabarani, vipande vya mbele vya jicho vilivyotunzwa hai vimeongezewa mtiririko kwa makusudi. Presha ilipanda, halafu baada ya siku chache ikarudi karibu na ilikokuwa. Ilirudi vipi, na maji bado yanaingia mengi? Kumbe seli za kimia zikivutwa na presha hutoa vimeng'enya viitwavyo metaloproteinesi, ambavyo hukatakata ule utando wa zamani, kisha hutandika mwingine wenye nafasi zaidi. Ni kama wanakijiji wanaozibua mtaro kabla mafuriko hayajafika mlangoni. Nitriki oksaidi hufanya kazi kwa dakika, hii ya kuchimba huchukua siku.

Utauliza, seli isiyo na macho wala masikio inajuaje kwamba imevutwa? Katika ngozi yake mna vijilango vya protini vinavyofunguka vikinyooshwa. Kimojawapo kinaitwa Piezo1, na kingine TRPV4. Vikifunguka, kalisi huingia ndani ya seli na kuwa kama kengele ya shule: kila mtu anajua la kufanya. Protini za Piezo ziligunduliwa na kundi la Ardem Patapoutian mwaka 2010, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na David Julius. Ni familia ile ile ya protini inayokufanya uhisi mwenzako akikugusa bega darasani.

Walinzi wakilemewa

Katika glakoma ya kawaida, ile ambayo kona iko wazi lakini maji hayatoki vizuri, mambo mengi haya huharibika kwa pamoja. Seli zimepungua. Zilizobaki zimekakamaa. Utando unatandikwa kuliko unavyokatwa, na mchochezi mmoja wa jambo hilo ni protini iitwayo TGF-beta 2, ambayo imekutwa kwa wingi katika maji ya macho ya wagonjwa wengi. Presha inapanda polepole. Nyuma ya jicho, mahali ambapo nyuzi milioni moja hivi za neva hutoka kwenda ubongoni, kuna kisahani chenye matundu. Presha hukisukuma kikapinda, na nyuzi zinazopita humo zikaumia na kufa. Niongeze hapa kwamba wako watu wenye presha ya 25 ambao neva zao hazidhuriki, na wako wenye 16 wanaopoteza kuona. Neva za watu hazilingani uimara. Hata hivyo, mpaka leo njia iliyothibitishwa ya kuukawiza ugonjwa huu ni kuishusha presha.

Vijana nao wasidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Edwin Stone wa Iowa, Marekani, walitangaza jeni ya mayosilini, protini inayotengenezwa kwa wingi na seli za kimia. Mtu akirithi jeni hiyo ikiwa na kasoro, protini hujikunja vibaya, ikakwama ndani ya seli, na seli ikasongwa na mzigo wake yenyewe. Baadhi ya wanaougua hivi huanza wakiwa na umri kama wetu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mayosilini ilianza kujulikana kwa njia nyingine: seli za kimia ziliitoa kwa wingi zilipowekewa steroidi. Steroidi ni dawa za kutuliza mwasho na uvimbe, na ziko ndani ya matone mengi ya macho. Huku kwetu kuna watoto wengi wenye macho yanayowasha miezi nenda miezi rudi, yenye wekundu na rangi ya kahawia. Mzazi anaenda duka la dawa, anapewa kichupa, mwasho unakwisha siku hiyo hiyo. Kichupa kikiisha ananunua kingine, na kingine, bila kuonana na daktari. Nawajua wawili katika bweni letu wanaofanya hivyo mpaka sasa.

Steroidi inafanya nini mlangoni? Seli za kimia huvimba. Nyuzi zake za aktini hufungamana zikawa kama kuba la chuma, seli haiwezi tena kulegea. Zinapunguza kula takataka. Zinatandika utando mwingi na kuacha kuukata. Yaani kazi zote tatu nilizozieleza hukwama kwa mpigo. Karibu mtu 1 kati ya 3 presha yake hupanda akitumia matone hayo kwa wiki 3 hadi 6, na wachache hupanda sana. Macho yenyewe yanaonekana meupe na mazuri, ndiyo hatari yake. Ukiacha dawa presha kwa kawaida hushuka, lakini neva iliyokwisha kufa haifufuki. Sisemi steroidi ni sumu. Daktari akiitoa na kupima presha kila mara ni dawa njema sana. Soma maandishi ya kichupa: ukiona deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, hiyo ni steroidi. Nenda ukapimwe. Kupima ni kugusa konea iliyotiwa ganzi kwa nukta chache tu.

Kurudi kwenye hesabu

Dawa za glakoma nazo ukizipanga kwa hesabu ya Goldmann hazichanganyi kichwa. Timololi hupunguza maji yanayoingia. Latanoprosti hufungua ile njia ndogo ya kupitia misuli. Pilokapini, ya zamani tangu karne ya 19, kutoka mmea wa Brazili, hukaza misuli ya siliari na misuli ikakivuta kimia kikafunguka. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyolenga seli za kimia zenyewe. Za kuzilenga zimekuja juzi juzi: ripasudili ilikubaliwa Japani mwaka 2014 na netasudili Marekani mwaka 2017, zote zikimzuia yule Rho kainesi anayekaza. Upasuaji wenyewe huukwepa mlango mbovu na kutoboa mwingine.

Halafu kuna leza. Mwaka 1979 ilielezwa leza iliyochoma kimia kwa joto. Ile mpya zaidi, ya miaka ya 1990, haichomi. Inapiga mwale wa kijani kwa muda wa sehemu 3 hivi kati ya sehemu bilioni moja za sekunde, na mwale huo humezwa tu na seli zenye chembe za rangi. Seli hizo zikishtuka hutoa ishara, wafagiaji wengine wa mwilini wakaja, na vile vimeng'enya vya kukata utando vikaongezeka. Kwa maneno mengine daktari hatoboi kitu, anawaamsha walinzi waliosinzia! Moshi, pale chini ya Kilimanjaro, leza hii ililinganishwa na matone ya timololi kwa wagonjwa wa glakoma, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu kwa macho 61 kati ya kila 100, matone kwa macho 31. Kwa mtu anayekaa mbali na duka la dawa, ambaye kila mwezi lazima atafute nauli na pesa za kichupa, tofauti hiyo si ndogo.

Nyanya alipoelezwa habari za leza aliuliza kama inaumiza kuliko moshi wa kuni. Akaambiwa la. Akafanyiwa.

Hesabu hii nawaachia wanachama. Mzee mmoja presha ya jicho lake ni 29. Maji yanaingia mikrolita 2.4 kwa dakika, na presha ya mishipa ni 9. Wepesi wa kutoka ni ngapi? Akipigwa leza na wepesi huo ukapanda hadi 0.2, presha itakuwa ngapi? Atakayepata majibu yote mawili aje nayo kwenye mkutano wa Ijumaa, nitamwongezea na swali la timololi.